Kumfundisha mtoto habari za taka na tabianchi: anzia kwenye maganda ya ndizi, chupa baadae

Wazazi na walimu wengi wakitaka kufundisha watoto mambo ya taka na mabadiliko ya tabianchi wanakimbilia chupa za plastiki. Mtoto anaambiwa okota chupa, weka kwenye pipa, chora dunia inacheka, imeisha hiyo. Sawa, chupa zinaziba mitaro na zinaenda baharini hilo halina ubishi, ila hebu muulize huyo mtoto ivi hiyo chupa uliyookota imepunguzaje joto? Anakutolea macho. Muulize na mwalimu wake, nae anakutolea macho. Shida ni kwamba tumechanganya usafi na tabianchi tukadhani ni kitu kimoja. Mtaa unaweza ukafagiliwa ukang'aa, taka zote zikapakiwa kwenye gari zikaenda kumwagwa dampo la Pugu Kinyamwezi, huko zikarundikana zikaoza, hapo usafi umeupata ila tabianchi hata hujaigusa.

Kwahiyo mi mpangilio wangu ni tofauti kidogo. Naanza na taka zinazooza, afu kununua vichache, afu kutumia tena, na kurejeleza, yani kuyeyusha vya zamani kutengeneza vipya, ndo kunakuja mwisho kabisa japo ndo kunakopendwa kuliko vyote. Mifano yangu mingi ni ya Dar kwa sababu ndo napopajua ila ukiwa Mombasa au Mwanza unabadilisha majina tu, maganda ya ndizi ni yaleyale.

Kabla hujamfundisha, elewa wewe kwanza

Ganda la ndizi ukilitupa juu juu tu chini ya mgomba linapata hewa, vijidudu na minyoo vinalila, linatoa hewa ukaa kidogo ileile ambayo mgomba uliivuta wakati unakua, hakuna hasara kubwa hapo. Sasa lilelile ganda lifunge kwenye kiroba, kiroba kikafukiwa na viroba vingine dampo, oksijeni inaisha humo ndani, vijidudu vya mwanzo vinakufa vinakuja vingine visivyohitaji oksijeni, na hivyo ndo vinatoa gesi ya methani. Methani, kilo kwa kilo, inazuia joto kuliko hewa ukaa kama mara 28 hivi ukipiga hesabu ya miaka 100, na ukipiga ya miaka 20 inavuka mara 80. Ila haidumu sana angani, ni kama miaka 12 basi inakuwa imevunjika, wakati hewa ukaa inakaa karne na karne. Maana yake ukipunguza methani leo matokeo yake mwanao anayaona akiwa bado kijana, sio hadithi za wajukuu.

Na kwenye miji yetu huku zaidi ya nusu ya taka za majumbani ni hizo zinazooza, maganda, mabaki ya chakula, majani. Chungulia kiroba chako mwenyewe uone. Kwahiyo nusu nzima ya kazi iko jikoni na mtoto wa miaka mitano anaweza kuishiriki, ndo maana nakwambia chupa baadae.

Namna ya kumweleza kuhusu gesi zenyewe: chukua usiku wa Dar mwezi wa pili, umeme umekata, feni imelala, afu mtu anakuja kukufunika blanketi zito. Blanketi halina moto ndani yake, linazuia tu joto la mwili wako lisitoke. Gesi hizi ndo zinavyoifanyia dunia, jua linaipasha, dunia inataka kupumua joto litoke, gesi zinalirudisha. Usiingie ndani zaidi ya hapo kwa mtoto wa darasa la pili. Wa darasa la sita atauliza mwenyewe.

Puto na chupa

Hili ndo zoezi ninalolipenda kuliko yote maana gesi haionekani na mtoto haamini kitu asichokiona. Chukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu. Ya kwanza jaza kama robo maganda ya ndizi mbivu yaliyokatwakatwa madogo madogo, ongeza vipande vya papai lililoiva sana kama lipo, mwaga maji ya uvuguvugu kidogo yalowe. Ya pili weka mchanga mkavu au kokoto, hii ni ya kulinganishia na usiiruke, bila hiyo mtoto hawezi kujua kama ni maganda yaliyofanya kazi au ni joto la chumba tu. Chukua maputo mawili, yapulize na kuyatoa upepo mara kadhaa yalegee, maana puto jipya ni gumu na gesi ya maganda haina nguvu za kulisukuma. Vika kila mdomo wa chupa puto lake ulifunge vizuri na raba bendi au kipande cha tyubu ya baiskeli. Weka sehemu ya joto lakini sio juani moja kwa moja.

Kwa joto letu hili ndani ya siku chache puto la chupa ya maganda linaanza kuinuka, mwanzo linakaa limeinama upande afu linasimama. Mpe mtoto uzi, kila siku jioni azungushe kwenye puto apime na rula aandike. Puto la mchanga liko palepale limelala. Hapo huna haja ya kuhubiri, muache aseme mwenyewe kilichotokea.

Sasa kuwa mkweli hapa, maana vitabu vingi vya watoto vinadanganya: gesi ya siku za kwanza kwenye hiyo chupa ni hewa ukaa kwa sehemu kubwa, methani inahitaji muda, oksijeni iishe kabisa na vile vijidudu vyake viwepo. Ukitaka kusogea karibu zaidi na hali ya dampo ongeza kinyesi kibichi cha ng'ombe kijiko cha chakula, maana tumbo la ng'ombe ndo nyumbani kwa hao watengeneza methani, uvumilie wiki kadhaa. Kwa watoto wakubwa hapo unapata mlango wa kuongelea biogesi pia, kwamba wapo wafugaji wanaipikia gesi hiyohiyo badala ya kuiacha ipotee. Ila usijaribu kuiwasha hiyo ya kwenye chupa, hata kwa utani, na wakati wa kufungua fungulia nje mbali na pua, inanuka balaa na watoto watacheka wiki nzima.

Pima taka za nyumba yako

Tafuta mizani, hata ile ya kuning'iniza. Ndoo mbili, moja ya vinavyooza nyingine ya vikavu, mtoto apime kila jioni kwa wiki moja achore jedwali. Hizi namba zitamfundisha kuliko wewe, na zitakufundisha wewe pia, hasa jumapili ukipika wageni wakaja wachache.

Hapo ndo mahali pa kuleta habari ya chakula kinachotupwa. Ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa iliyotoka 2024 ilisema mwaka 2022 dunia ilitupa zaidi ya tani bilioni moja za chakula, na karibu asilimia 60 yake ilitoka majumbani, sio mahotelini wala sokoni. Na ukijumlisha chakula kinachopotea kuanzia shambani mpaka kwenye sahani unapata kama asilimia 8 hadi 10 ya gesi zote zinazopasha dunia joto. Ni nyingi kuliko zinazotoka kwenye ndege zote za dunia. Watoto wanapenda sana hiyo ya ndege.

Ila namba tupu hazikai kichwani, fanya hivi: chukua sahani moja ya ubwabwa uliobaki, kaa na mtoto mrudi nyuma hatua kwa hatua. Umepikwa na nini? Mkaa. Mkaa umetoka wapi? Mti uliokatwa, ukachomwa, ukapakiwa kwenye lori linalokunywa dizeli. Mchele wenyewe umetoka wapi? Labda Kyela, labda Kahama, nao ukapanda lori. Na jaruba la mpunga lenyewe likiwa limejaa maji linatoa methani, udongo ule umezibwa hewa sawa na dampo. Yote hayo yameshafanyika, gesi zimeshatoka, afu huo wali unamwagwa ukaoze utoe nyingine tena. Mtoto akishaona huo mnyororo mwenyewe ataanza kukusema wewe ukipakua ukabakisha, jiandae.

Kinachofuata ni rahisi na bibi zetu walikuwa wanafanya bila kuambiwa na mtu. Pakua kidogo urudie. Kiporo cha asubuhi na chai kirudi kwenye heshima yake, wali wa jana ukikaangwa na kitunguu na nyanya kidogo una shida gani? Siku hizi kuna nyumba mtoto anaona aibu kusema kala kiporo, sijui nani katuletea hiyo. Kihifadhi vizuri tu, mapema kwenye friji kama ipo, pasha mpaka kitoe moshi wa mvuke, na kikichacha kisilazimishwe, kuna ndoo inakisubiri.

Ndoo ya mboji

Huhitaji shamba. Ndoo kuukuu ya lita 20 yenye mfuniko, hata iliyopasuka mpini, toboa matundu pembeni na chini, misumari iliyopashwa moto inafanya hiyo kazi ila hii ni ya mtu mzima. Iweke juu ya matofali mawili, chini yake sinia au beseni la kukinga majimaji. Tabaka la kwanza majani makavu au maboksi yaliyochanwachanwa, juu yake maganda ya viazi, ndizi, machungwa, majani ya chai, makapi ya nazi, mabua ya mchicha, afu udongo konzi mbili. Rudia. Kanuni ya watoto ni hii: kila ukimwaga kibichi bakuli moja, funika na vikavu mabakuli mawili au matatu. Wape jukumu la kukusanya majani makavu, mwembe wa jirani unatosha kulisha mtaa mzima.

Mara moja kwa wiki igeuzwe na kijiti ili hewa iingie, na hapa mkumbushe lile puto: tunageuza ili wale vijidudu wa methani wasipate nafasi. Hii ndo sehemu ambayo somo linashikana, bila hivyo mboji inakuwa kilimo tu. Kupima unyevu chota konzi uikamue, yakitoka matone mawili matatu iko sawa, yakichuruzika ongeza vikavu, ikiwa vumbi nyunyiza maji. Ikinuka vibaya maana yake hewa hamna, geuza na uongeze maboksi. Ikijaa nzi maana yake hamjafunika. Nyama, samaki na mifupa msiweke kabisa, mtafuga panya. Majivu ya jiko kidogo tu.

Kwa joto la pwani miezi miwili mitatu inatosha kupata kitu cheusi kinachonukia udongo baada ya mvua. Kitieni kwenye viroba mpande mchicha au tembele, mtoto akila mchicha wake alioupanda kwa maganda aliyoyatupa mwenyewe hatokuja kusahau. Wenye kuku nao wana njia yao, kuna watu wanafuga funza kwa mabaki ya jikoni wanalisha kuku, mtoto mkubwa asiyeogopa atafurahia sana hiyo kuliko mchicha.

Na muonyeshe kwamba sio mchezo wa watoto. Manispaa ya Kinondoni ina kiwanda cha mboji Mabwepande kilichojengwa kwa kushirikiana na jiji la Hamburg la Ujerumani, kinapokea taka za masokoni. Bonyokwa kule kuna mradi wa Nipe Fagio, shirika la mambo ya usafi na mazingira, ambapo taka zinakusanywa nyumba kwa nyumba zikiwa zimetenganishwa. Shule ikiweza kupanga ziara ya sehemu ya aina hiyo ni bora mara kumi kuliko kuwapeleka watoto kuokota chupa ufukweni wapige picha.

Kununua vichache

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu mwalimu mkuu wa somo hili ni wewe ulivyo, sio unachosema. Kila kitu kipya kimetumia umeme, mafuta na usafiri kabla hakijafika dukani, plastiki yenyewe imetengenezwa kwa mafuta na gesi ya ardhini. Kisiponunuliwa hicho chote hakitokei. Ndo maana kupunguza kunaishinda kurejeleza kila siku.

Mfano mzuri ni rambo, ile mifuko ya plastiki ya kubebea vitu vya dukani. Watoto wa saivi hawazijui kabisa, zilipigwa marufuku Tanzania bara tarehe 1 Juni 2019, Kenya walitangulia 28 Agosti 2017, Zanzibar ilianza zamani 2006, na Rwanda 2008. Waambie jinsi zilivyokuwa zinaning'inia kwenye miti na nyaya, watadhani unatunga. Kuna watu waliapa biashara zitakufa, mbona tunabeba vikapu na maisha yanaendelea? Afu wapeleke dukani wahesabu ni vitu vingapi bado vinafungwa kwenye vinailoni vyepesi, ubuyu, karanga, barafu za ukwaju, biskuti, kalimati. Mtoto anaanza kuona mwenyewe kazi iliyobaki. Karanga zinaweza kufungwa kwenye karatasi. Barafu inaweza kutiwa kwenye kikombe ulichokuja nacho, na ukienda na kikombe muuzaji mara nyingine anakuongezea kidogo.

Sare ya kaka ikivaliwa na mdogo wake nayo ni tabianchi. Mitumba vilevile, japo nayo ina taka zake, marobota mengine nusu hayavaliki. Birthdei bila sahani za plastiki inawezekana, azima vyombo kwa jirani, tulikuwa tunafanya hivyo kwenye mahafali na misiba siku zote.

Kutumia tena

Soda ya chupa ya kioo. Mtume mtoto dukani na chupa tupu, akirudi muulize kwa nini muuza duka hakubali kukupa soda ya kuondoka nayo bila chupa. Mfikirishe kidogo. Chupa inarudi kwenye kreti, kreti linarudi kiwandani, inaoshwa inajazwa tena, inazunguka miaka. Hakuna kiwanda kinachoyeyusha kioo upya kila ukinywa soda. Afu muwekee pembeni soda hiyohiyo ya chupa ya plastiki muulize hii inaenda wapi. Mfumo wa kreti tunao tangu zamani, haukuja na mradi wala semina, na unanisikitisha ukisogezwa pembeni taratibu kila mwaka.

Mpeleke pia Gerezani pale Kariakoo kwa mafundi bati, au kwa fundi yeyote wa namna hiyo mjini kwenu, akaone pipa la mafuta linavyogeuka majiko, makarai na mageti. Makelele yatamchosha masikio ila atatoka na kitu. Nyumbani kuna chandimu: mpira wa matambara na nailoni kuukuu uliofungwa na kamba, na gari la kopo lenye matairi ya vizibo. Usimfanyie, mpe vitu na uondoke.

Kurejeleza, na sumaku ya spika

Redio iliyokufa usiitupe, ng'oa sumaku iliyoko nyuma ya spika. Mpe mtoto sumaku na rundo la makopo: la maziwa ya unga, la nyanya, la dagaa, la soda, la kinywaji cha kuongeza nguvu. Aguse moja moja. Kopo la maziwa linanasa kwa kishindo, la soda sumaku inateleza tu haishiki hata akilazimisha. Atajaribu tena na tena, wengine wanakwaruza rangi wakidhani rangi ndo inazuia, waache wakwaruze. Lililoshika ni chuma, lisiloshika ni aluminiamu. Sasa mwambie: kuyeyusha kopo la aluminiamu likawa kopo jipya kunatumia nishati pungufu kwa karibu asilimia 95 kuliko kuchimba mawe yake na kuyachenjua upya. Makopo 20 ya zamani kwa umeme wa kutengeneza moja jipya, hivyo ndo anavyoelewa mtoto. Chuma nacho kinaokoa nyingi ila haifiki hapo. Ndo maana ukienda kwenye mizani ya muuza skrepa aluminiamu ina bei nzuri kuliko chuma, na ukiwapeleka watoto wakauze walichokusanya hesabu za kilo na bei wanazifanya bila kulia.

Plastiki ni hadithi ndefu na sio nzuri sana. Geuza chupa chini kuna kipembetatu chenye namba. Watoto wanadhani kile kipembetatu ni ahadi kwamba kitarejelezwa, sio ahadi, kinasema tu ni plastiki ya aina gani. Namba 1 ni chupa za maji na soda, namba 2 ni madumu na chupa za shampuu, namba 5 ni ndoo nyingi na vikopo vyenye mfuniko, hizo mara nyingi zina wanunuzi. Pakiti ya biskuti na ya krispi inayong'aa ndani hanunui mtu, ina tabaka kadhaa zilizogandishwa pamoja haziachani. Mwambie mtoto ukweli huo. Kitu ambacho hakuna anayekinunua hakirejelezwi hata ukikiweka kwenye pipa zuri la rangi gani, dawa yake ni kukikwepa dukani.

Na mfundishe adabu kwa wanaookota makopo. Hawa ndo mfumo wetu wa kurejeleza, bila wao chupa zote zingeishia mtaroni. Mtoto awasalimie, shikamoo kama ni mtu mzima, awawekee vikavu vikiwa vimesuuzwa na vimetengwa wasilazimike kuchambua kwenye pampasi za watu. Vioo vilivyovunjika vifungwe kwenye boksi liandikwe. Sindano na betri mtoto asiguse kabisa, na betri zisitupwe kwenye moto.

Ukitaka kuwaachia kitu cha kuota usiku, wasimulie Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda kwa plastiki iliyookotwa, likavikwa maelfu ya vipande vya ndala za rangi rangi. Lilishushwa majini 2018, mwanzoni mwa 2019 likasafiri mpaka Zanzibar, karibu kilomita 500. Waonyeshe picha yake, wataanza kukusanya ndala.

Maswali magumu

"Kwa nini jirani anachoma takataka?" Kwa sababu gari la taka halipiti au lina bei, usimfanye mtoto aone jirani ni mtu mbaya. Ila mweleze kwamba moshi ule una sumu hasa plastiki ikiungua, na plastiki ikiungua ni mafuta yaleyale ya ardhini yanarudi angani kama hewa ukaa, masizi yake nayo yanashika joto. Ukiwa na ndoo ya mboji cha kuchoma kinapungua sana.

"Kwahiyo mafuriko ya Jangwani tumeyaleta sisi?" Jangwani ni bonde la hapa Dar linalofurika mvua zikizidi, na swali hili lijibu kwa uangalifu. Bara zima la Afrika linatoa kama asilimia 4 tu ya hewa ukaa inayotokana na mafuta, makaa ya mawe na gesi duniani, waliochafua zaidi wako kwingine na mtoto ana haki ya kulijua hilo. Ila dunia ikipata joto hewa inabeba mvuke mwingi zaidi na mvua ikishuka inashuka kwa nguvu, afu ikikuta mtaro umezibwa na chupa zetu maji yanaingia ndani. Joto sio letu sana, mtaro ni wetu. Watoto wanaelewa vizuri kuliko watu wazima.

Usiwatishe. Dampo la Kiteezi kule Kampala liliporomoka Agosti 2024 likaua watu zaidi ya 30, hiyo ni habari ya kuzungumza na wa sekondari, wa chekechea mwache alale kwa amani. Kwa wadogo chini ya miaka sita inatosha kulisha ndoo na kukusanya majani. Miaka saba mpaka kumi wape puto, mizani, sumaku. Wakubwa wape mahesabu na wape ruhusa ya kubishana na wewe.

Swali la mwisho wataliuliza tu: "tunatenganisha nini wakati gari likija linachanganya vyote?" Wako sahihi, sehemu nyingi linachanganya. Jibu ni kwamba vinavyooza havikupanda gari, vimebaki kwenye ndoo. Makopo na chupa yamechukuliwa na mwokotaji. Gari linapata kilichobaki tu, pampasi, vinailoni vya biskuti na kiatu kilichokufa. Arudi kwenye lile jedwali lake la mizani apime kiroba cha wiki hii alinganishe na kile cha wiki ya kwanza, na kama kampuni ya taka mtaani kwenu inatoza kwa idadi ya viroba, hiyo tofauti ya hela mpe yeye.